Mafuta ya Samaki Sio Mafuta ya Karai

Akinyi,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, ukiwa umeshika begi. Saa hii uko upande ule wa pazia, nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sweta. Mimi nimekaa huku kibandani, karai limepoa, meza nimeifuta, na kalamu yako ile ya bluu ninayo mimi, usiitafute. Ningeweza kukuita nikwambie haya uso kwa uso, lakini nikifungua mdomo watu huanza kucheka kabla sijasema kitu, na wewe ndiye wa kwanza. Karatasi haicheki. Na usinihesabie makosa ya herufi. Nilitoka shule kidato cha pili, walimu wakashukuru, na bado ni mimi niliyekufundisha kusoma kwa vibao vya hoteli za hapa Sori, ndio maana neno la kwanza kulijua maishani mwako lilikuwa “chapati”.

Ningekuandikia Dholuo, ila mama yako Mkuria angedhani namsengenya. Kiswahili ndicho kilichotuoza mimi na yeye, basi wacha kibebe na hili.

Sweta, neti ya mbu, simu utachaji wapi, kanisa utakaa na nani: hayo mama yako ameyasema na atayarudia kesho mpaka mlangoni. Mimi nina jambo moja. Unaenda Rusinga kukaa na Dani, bibi yako, maana shangazi yako ameolewa na nyumba imebaki na bibi mgonjwa na kuku wake. Mwaka jana Dani alipata mshtuko wa moyo. Wewe ulikuwa bado bwenini kule upande wa Asumbi, tukakuficha hadi mlipofunga, na ulipojua ulininunia wiki nzima. Daktari alituambia bila kuzungusha kwamba moyo ule ukishtuka mara ya pili, huenda asipone. Kwa hivyo mwiko utakaoshika kule si wa kusonga ugali tu. Nakupa mama yangu mkononi, Akinyi. Nataka nimkute hai Krismasi hii, na ile nyingine, na zingine ambazo hata wewe utakuja na watoto wanaosumbua.

Sasa nikwambie nilivyokaribia kumuua mara mbili, kwa mapenzi mazuri kabisa. Sehemu ya kwanza unaijua kwa uvumi, maana Sori nzima iliicheka. Wacha uisikie kwa mwenyewe.

Kwanza, tukubaliane kwamba kutoka hapa mpaka Muhuru hakuna mtu anayekaanga samaki kama baba yako. Mgongo wazi, ule uti wa mbuta unaobaki kiwanda kikishachukua minofu, wengine wanauuza kama kuni. Wangu unavunjika mdomoni. Nilipoanza hii kazi nilikuwa kijana, wewe bado unatambaa, na jambo la kwanza nililofanya nikipata riziki ni kumtumia Dani mkebe mkubwa wa mafuta ya kuganda, yale meupe. Na kila nikienda Rusinga nilibeba samaki wa kukaanga kwenye ndoo, mafuta yakichuruzika mpaka chini. Dani alikuwa akiwaita majirani. Unajua kwetu ilivyo: mgeni ukimpa mboga isiyong'aa, atarudi kwao akisema nyumba ile ina njaa. Mboga ya mama yangu iling'aa mpaka ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Watu wakasema, kijana wake ameshika kazi. Nami nikavimba.

Miaka ikaenda. Siku moja anapalilia mtama akasikia kifua kinabanwa, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Akadhani ni jembe. Akaketi, akatokwa na jasho la baridi, shangazi yako akamkuta hawezi kuinuka. Tulimlaza kwenye hospitali moja pale Homa Bay, akakaa wodini, na Mungu hakuwa na haraka naye.

Siku ya kutoka, sista wa lishe alituita mimi na shangazi yako. Msichana mdogo, ana sauti ya mwalimu. Alisema mengi. Mafuta ya kuganda tuyaache. Nyama yenye mafuta tupunguze, na ngozi ya kuku, na vitu vya kukaangwa. Chumvi nayo. Halafu akasema: “Lakini mafuta ya samaki ni mazuri kwa moyo.”

Akinyi, hapo masikio yangu yalifunga duka. Mengine yote yalimwagika, nikabaki na hilo. Maana katika ziwa hili lote, nani ana mafuta ya samaki kunishinda?

Wewe umekulia hapa, unajua tunaita nini mafuta ya samaki. Ni yale yanayobaki karaini jioni baada ya kukaanga. Kina mama huja na vikombe kuyachukua, wakapikie sukuma. Hilo ndilo jina lake hapa ufuoni, na mimi sikujua kuna jingine. Nikarudi Sori nikipiga hesabu zangu za kidato cha pili: kama mafuta ya samaki ni dawa, basi mafuta yaliyopita samaki wengi zaidi ni dawa kali zaidi. Yale mapya mapya nikayadharau. Nikawa nasubiri mpaka karai limefanya kazi wiki nzima, mafuta yamekuwa meusi kama kahawa, yananuka ziwa lote, ndipo nachuja. Wateja wa vikombe wakiyataka nawaambia hapana, hii ni ya mgonjwa. Nikajaza chupa za soda, nikafunga vizuri, nikatuma Rusinga na maagizo: mboga yote ipikwe na haya, na asubuhi kijiko kimoja kabla ya chai.

Na Dani alikunywa. Shangazi yako ananiambia alikuwa anafumba macho, anameza, halafu anashika meza kidogo. Hakulalamika hata siku moja.

Tukarudi kliniki. Mimi nimevaa shati la kanisani. Sista akauliza mama anapikiwa na mafuta gani, nikamjibu kabla Dani hajafungua mdomo. Nikasema ya samaki, sista, kila mlo, na kijiko asubuhi. Sista akafurahi, akasema wagonjwa wangekuwa na watoto kama mimi kazi yake ingekuwa rahisi. Nikatazama nyuma kuona kama foleni imesikia. Akauliza tunayanunua wapi, maana wengine huuliza. Nikamwambia sisi hatununui, tunatengeneza, na nikatoa chupa kwenye mfuko, nikaiweka mezani kama mtu anayeweka kombe.

Sista aliitazama. Akaiinua kwenye mwanga, mwanga haukupita. Magamba yalikuwa yametuama chini pale. Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga haraka.

“Haya yamekaanga samaki wangapi?”

“Hawahesabiki,” nikasema, na nilikuwa najisifu.

Akashika paji la uso. Shati likaanza kunibana. Kisha akasema polepole, kama anamwambia mtoto: “Baba, mafuta ya samaki ni yale yaliyo ndani ya samaki. Siyo yale ambayo samaki alikuwa ndani yake.”

Dani Kiswahili chake ni cha sokoni, akaniuliza sista anasema nini. Sikuwa na pa kujificha. Nikamtafsiria. Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele, akasema kwa Dholuo, sauti ya kutosha foleni yote: “Wuoda, mwanangu, kwa hivyo umekuwa ukininywesha maji ambayo samaki walioga?”

Foleni ilianguka kwa kicheko. Mzee mmoja mwenye mkongojo alicheka mpaka akakohoa, sista akamletea maji. Kuna mtu wa hapa kwetu alikuwa kwenye foleni ile, na ndiyo sababu habari ilifika Sori kabla yangu.

Lakini sista baadaye hakucheka, na wewe hapa usicheke. Alinieleza kwamba mafuta yakichemshwa na kurudiwa na kurudiwa huharibika, na mtu mwenye mishipa iliyochoka hafai kuyagusa. Nikamwambia nimeelewa, ni kama bomba la maji machafu nyuma ya kibanda changu, mafuta hupoa yakaziba. Nilijua ni mfano wa akili sana. Akasema ni karibu lakini sio hivyo. Mafuta mabaya hayagandi ndani ya mshipa kama bombani. Yanajijenga kidogo kidogo ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, miaka na miaka, bila maumivu, bila dalili, mpaka siku moja ukuta unapasuka, damu inaganda pale, na njia inafungwa. Hilo neno miaka na miaka ndilo lilinikaa. Nilianza kukumbuka ile mikebe ya mafuta meupe.

Basi nikaogopa. Na mimi nikiogopa, mwanangu, huwa mjinga zaidi kuliko nikijisifu. Hiyo ndiyo mara ya pili.

Nilienda Rusinga nikamwaga kila kitu. Mafuta ya karai, mafuta ya mkebe, hata mafuta ya maji ya kopo dogo ambayo shangazi yako alinunua kwa ushauri wa sista. Nikatangaza kwamba katika nyumba hii mafuta yamekufa na yamezikwa. Avokado nikapiga marufuku, nilisikia ina mafuta. Njugu, marufuku. Maziwa, marufuku. Hata omena, dagaa wetu wadogo, nikaiangalia kwa jicho baya, maana ukiikausha inang'aa. Nikaamuru kila kitu kichemshwe na maji, bila chumvi, na nikarudi Sori nimejiona daktari.

Dani akaacha kula. Hakugoma, hapana. Alikuwa anaonja, anashukuru, anasukuma sahani, halafu shangazi yako akigeuka anawamwagia kuku. Kuku wa Rusinga walinenepa msimu ule sijawahi kuona. Mimi nikiambiwa amepungua nasema vizuri, ndicho kitu tunataka. Mpaka nilipoenda mwenyewe. Nilimkuta ameketi jikoni, rinda limemning'inia kama limeanikwa, na mkono wake niliposhika ulikuwa mwepesi. Nilitoka nje, nikampigia sista palepale nikiwa nimesimama.

Sista aliniacha nimalize, halafu akaniuliza ni nani alisema mafuta yote yaondoke. Nikasema ni mimi. Akasema mwili bila mafuta hauendi, hata uzuri ulio kwenye mboga za majani unahitaji mafuta kidogo ili uingie. Kosa ni aina na kipimo. Neno alilotaka nishike halikuwa “toa”. Lilikuwa “badilisha”. Mafuta ya maji, kijiko, badala ya yale ya kuganda, chungu nzima. Njugu kiganja kimoja. Avokado kipande. Na samaki mwenyewe, omena mwenyewe, awe wa kuchemsha ama wa mchuzi, maana yale mazuri yamo ndani ya mnofu wake, hayahitaji mimi na karai langu kuyaongeza. Akasema tena: na dawa, baba, hakuna chakula kinachochukua nafasi ya vidonge. Hilo nimekuandikia kwa sababu Dani akijisikia vizuri huanza kusema vidonge ni vya wagonjwa.

Nikarudi jikoni, nikafanya kitu ambacho tangu mwanzo sikuwa nimekifanya. Nikamuuliza anataka kula nini.

Aliniambia anataka ngege wa chungu, kama wa mama yake. Unaweka samaki, nyanya, kitunguu, maji, unakamua ukwaju, unafunika, unaacha moto mdogo ufanye kazi. Nikauliza mafuta anaweka saa ngapi. Akasema haweki. Kwao, akiwa msichana, samaki hakuwahi kukutana na mafuta. Hata mboga, ilikuwa maziwa kidogo, ama njugu za kusagwa.

Nikamuuliza, sasa hii tabia ya mafuta uliitoa wapi.

“Kwako,” akasema. “Ulinitumia mkebe, majirani wanatazama. Ningesema sipendi? Sikuwa nakula mafuta, wuoda. Nilikuwa nakula jina lako.”

Mimi mtu wa maneno, Akinyi, siku hiyo nilienda kuteka maji, na tanki lilikuwa limejaa.

Hilo ndilo nimejifunza, na sikulipata darasani, kwa hivyo lishike. Tulidhani mafuta ni mapenzi. Tulidhani mtu aking'aa shavu ni kwamba analindwa, na mtu akikupunguzia anakunyima. Mimi nilipenda kuonekana nikimpenda mama yangu, na yeye alipenda kuonekana akipendwa, na katikati yetu kulikuwa na mishipa ya moyo ambayo hakuna aliyeiuliza maoni.

Utasema, baba, na wewe mbona bado unakaanga? Nakujua, ulishanijibu hata sijamaliza sentensi. Nakaanga kwa sababu ndiko ada yako ilitoka, na kwa sababu mtu anayekula mgongo wazi mara moja moja akipita Sori si Dani. Ila mafuta yakianza kuwa meusi namwaga. Wale wa vikombe wamenikasirikia, wamehamia kibanda cha jirani, na mmoja ameniuliza kama nimeokoka. Nimemwambia bado. Huo ndio uongofu wangu wote, sina mwingine, na mimi mwenyewe mama yako ananifinya kiuno akiniuliza hii ni nini. Nimekubali kupimwa mwezi ujao. Usimwambie bado, atatangaza.

Sasa wewe. Dani utamkuta amejaa tena vizuri, na ana mdomo. Shangazi yako alimpikia chungu miezi hii yote na moyo umetulia. Lakini shangazi yako ni mtu mgumu, na wewe una roho ya siagi. Dani anajua. Atakujaribu. Siku nyingi atakula ngege wa ukwaju bila shida, anampenda. Taabu ni wageni. Kina mama wa kanisa wakija kumwona, atakuita pembeni, atakunong'oneza uongeze mafuta mboga ing'ae, asije akaaibika mbele ya watu. Ametuma mtoto dukani kununua mafuta ya mkebe mara moja tayari, shangazi yako aliyakuta chini ya kitanda. Wageni nao watakutazama sahani, watasema huyu msichana wa Sori ni mchoyo, na baba yake kazi yake ni mafuta. Itakuuma. Mimi iliniuma na sikuwa hata nimepika.

Usiongeze mafuta kwa ajili ya macho ya watu. Wakaangie wageni samaki wao kando ukipenda, mikono yangu unayo, lakini chungu cha Dani kisiguswe.

Na usiwe kama mimi mara ya pili pia. Usimkabe. Siku moja moja akitaka kipande cha nyama mpe kidogo na mkae mle pamoja mkiongea. Sista alisema mtu mgonjwa akikosa raha atatafuta raha chini ya kitanda. Mwangalie usoni akila, uone kama anakula ama anawalisha kuku.

Kuna siku atakasirika kweli. Atasema yeye ni mzee, ameshaishi, mwache ale anachotaka. Atasema unamtesa. Huenda akalia, na mama yangu akilia hata ng'ombe huacha kutafuna. Hapo ndipo naogopa, sio kwa ubaya wako, kwa uzuri wako. Utataka kumfurahisha. Mkono wako utaenda kwenye mkebe wenyewe.

Siku hiyo usibishane naye wala usijitetee. Mwambie baba ndiye amekataza. Mwambie mimi ndiye mkatili, mimi ndiye mchoyo, mimi niliyemnywesha maji ya samaki sasa namnyima mafuta. Hasira yote igeuze ije Sori. Yeye amenikasirikia tangu nijifunze kutembea, na hilo halijawahi kumuua. Mwache anitukane mbele ya wageni, amtukane na mwalimu aliyeniacha nitoke shule. Anayetukana ana pumzi. Wewe nipigie tu, weka spika, na ushike simu karibu naye nisikie kila neno.

Baba yako,
Ouma